UZI: Taa za siagi za Watibeti, na bibi aliyenifundisha kusokota utambi

#1 Mwana wa Magila (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi huu ni mrefu na nitaushusha kwa vipande, mwenye haraka aupitie akitulia. Mods, nawaomba msiuunganishe na nyuzi za ushirikina. Ninachoeleza ni ibada ya watu, Wabudha wa Kitibeti, na watu hao nimekaa nao.

Juzi nimepokea ujumbe wa WhatsApp kutoka Karnataka, kusini mwa India. Bibi mmoja wa Kitibeti niliyezoea kumwita Amala amefariki dunia. Amala kwao ni mama, na mwanamke yeyote wa umri wa kukuzaa unamwita hivyo kwa heshima, kama sisi tunavyomwita mama hata mtu tuliyekutana naye kwenye basi. Aliyeniandikia ni mjukuu wake. Mwisho wa ujumbe kaandika kwamba wanawasha taa kila siku mpaka siku ya 49 tangu afariki. Hakuniomba chochote. Ila tangu niusome sijatulia, maana ni huyo bibi aliyenionyesha zile taa zinavyotengenezwa, na humu jukwaani kila ikipita picha ya watawa wenye majoho ya damu ya mzee na vitaa vyao nasoma maneno yaleyale: wanaabudu moto, wanachoma chakula. Nimeona niandike ninachokijua.

Nilifika Mysore, mji wa hukohuko Karnataka, kusoma mwaka 2014. Ikifika majira ya baridi Watibeti huingia mijini kuuza masweta, wanapanga vibanda pembeni mwa barabara. Mysore haina baridi ya Lushoto, lakini alfajiri ya Desemba inauma, nami nilikuwa nimetoka Muheza na mashati mawili. Nikaenda kununua sweta. Bibi aliyekuwa akiuza alinitazama ninavyotetemeka, akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake kabla hata sijauliza bei. Ilikuwa chai ya chumvi na siagi. Niliinywa yote, akafurahi. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kwake.

Kwao ni Bylakuppe, kama kilomita 80 magharibi ya Mysore. Ni makazi ya Watibeti yaliyoanza mwaka 1961, miaka miwili baada ya maelfu yao kuvuka milima ya Himalaya kutoka Tibet pamoja na Dalai Lama, kiongozi wao wa dini, kukimbilia India. Walipewa msitu, wakaufyeka, wakalima mahindi huku tembo wakija kuyala. Ukishuka pale leo unaona mahindi pande zote, unaweza kudhani upo Korogwe, halafu ghafla mbele yako yanatokeza mapaa ya dhahabu ya mahekalu. Amala alivuka milima ile akiwa na miaka tisa.

Nikawa naenda kwake Jumapili nyingi. Nitaendelea jioni.

#2 Binti Ngamiani

Pole sana kaka kwa msiba. Nimekaa mkao wa kula. Usituache njiani kama wengine.

#3 Mwana wa Magila

Asante dada, nimeshapoa. Naendelea.

Taa yenyewe wanaiita *marme*. Mar ni siagi, me ni moto. Ikishakuwa sadaka kuna jina la heshima zaidi, *chome*. Kwa umbo ni kikombe chenye mguu, kama kile cha padri cha komunyo, cha shaba au fedha, na katikati ya kitako chake pana kitundu kidogo. Shikeni hicho kitundu, nitarudi kwake.

Kwa nini siagi? Kule Tibet hawakuwa na minazi wala alizeti. Lhasa iko mita kama 3,650 juu ya usawa wa bahari. Kinachostawi huko ni shayiri na wale ng'ombe wenye manyoya marefu wanaoitwa yak. Wengi tunasema siagi ya yak, na Amala alikuwa ananisahihisha kila mara: yak ni dume, jike linaitwa *dri*. Kusema siagi ya yak ni sawa na kusema maziwa ya fahali. Siagi ya dri ndiyo ilikuwa kila kitu kwao: waliitia kwenye chai, wakaikandia unga wa shayiri, wakaipaka usoni jua lisiwapasue, na zamani hata kodi ililipwa kwa siagi. Kwa hiyo mtu anapochota kijiko cha siagi akakipeleka hekaluni anatoa kile ambacho nyumba yake ingekila. Mahujaji wanaoingia hekalu la Jokhang pale Lhasa, lililoanzishwa karne ya 7, hubeba siagi yao kwenye chupa ya chai au kwenye mfuko, na kila wakipita kwenye taa kubwa wanaongeza kidogo. Taa ile haina mwenyewe mmoja. Inawaka kwa siagi ya watu mia waliopita asubuhi hiyo na hawajuani majina.

Sasa nyumbani kwa Amala. Alikuwa na chumba kimoja cha madhabahu: sanamu ya Buddha, picha ya Dalai Lama, na mbele yake vibakuli saba vya maji vimepangwa mstari, kati ya kimoja na kingine nafasi ya upana wa punje ya shayiri. Vile vibakuli ni kama unampokea mgeni wa heshima: maji ya kunywa, maji ya kuoshea miguu, maua, ubani, manukato, chakula, muziki. Taa inakaa katikati, baada ya kile cha ubani. Asubuhi anavijaza, jioni anavimwaga, anavifuta na kuvipindua kifudifudi. Kila siku ya Mungu, miaka yote niliyomjua, hata akiwa na homa.

Jumapili ya kwanza kuingia chumba kile niliikuta taa moja inafuka moshi, utambi umeinama. Nikainama kuipuliza niiwashe upya. Sikuwahi kufika. Alinishika kiganja, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake, akatikisa kichwa. Kisha akachukua kifuniko kidogo cha bati akaifunika taa mpaka ikafa yenyewe. Baadaye mjukuu wake akanieleza kwa Kiingereza: pumzi ya mdomo haielekezwi kwenye kitu unachokitoa sadaka. Mgeni wako humpulizii chakula chake ndipo umwekee. Ndiyo maana wakati wa kuandaa taa Amala alijifunga kitambaa puani na mdomoni, mate yasije yakadondokea siagi.

Niliona aibu, lakini aibu ile ndiyo iliyonifungulia mlango. Jumapili iliyofuata akaniita nikae naye chini, akaniwekea mbele ufagio wa chelewa.

#4 Mwalimu Mstaafu

Kijana, unaandika vizuri. Naomba ueleze hasa: ufagio wa chelewa wa nini kwenye taa?

#5 Mwana wa Magila

Mwalimu shikamoo. Ndiyo nilikuwa nafika hapo.

Kusini mwa India minazi ipo tele na mafagio yao ni kama yetu. Amala alinunua ufagio mpya kwa ajili ya tambi tu. Haukuwahi kugusa sakafu. Ulikaa juu ya kabati umefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Anachomoa uchelewa mmoja, anaukata vipande vya urefu wa kidole cha shahada, anaukwangua kwa kisu mpaka ulainike. Halafu anachukua pamba safi, anaivuta iwe kama utepe, anaanza kuizungusha juu ya kile kijiti kwa kidole gumba na cha shahada. Huku chini inakuwa nene kidogo, juu inakuwa nyembamba kama ncha ya penseli. Ukiikaza sana mafuta hayapandi. Ukiilegeza, pamba inavimba, moto unakuwa mkubwa, masizi yanajaa chumba. Nilitupa kumi kabla sijapata moja aliyoikubali. Yeye alikuwa anasokota huku anasoma sala kimoyomoyo, midomo inacheza, na macho hayapo kwenye pamba kabisa.

Kijiti kinaingizwa kwenye kile kitundu cha kitako, ndicho kinachoushika utambi usimame wima. Kisha anayeyusha samli kwenye sufuria ndogo, moto mdogo, anaimimina polepole kuzunguka utambi mpaka ibaki nafasi ya upana wa ukucha kufika ukingoni. Hapo unaiacha igande. Ncha ya utambi anaidondoshea tone moja ili moto ushike haraka. Unawasha kwa ubani au kwa taa nyingine iliyokwisha kuwaka.

Nimesema samli makusudi. Siagi ya kawaida ina maji, karibu asilimia 16, na ina mabaki ya maziwa. Ukiiwasha hivyohivyo inalia pwata pwata na kurusha cheche. Ikichemshwa maji yakatoka na povu likaenguliwa, kinachobaki ni samli, ambayo mama zetu wanaijua kuliko mtu yeyote, na taa yake inawaka kimya. Moto unayeyusha kidimbwi kidogo kuzunguka utambi, pamba inakinyonya, kikipungua kingine kinayeyuka. Taa ndogo inakwenda saa kadhaa. Zile kubwa za hekaluni zinakesha, nyingine siku na siku.

Kazi yote hii niliifanya kwa kimya, maana Kihindi chake kilikuwa kidogo, changu hakikuwepo kabisa. Na nadhani ndivyo nilivyojifunza vizuri. Alikuwa akinishika vidole akivizungusha yeye.

#6 Kaka wa Kisauni

Ndugu yangu, huku Mombasa Wahindi huwasha vitaa vya udongo usiku wa Diwali, tangu tukiwa watoto twaviona. Ni kitu kimoja?

#7 Mwana wa Magila

Ndugu, ni ndugu wa mbali. Mama yao ni India. Desturi ya kuwasha taa mbele ya kitakatifu ni ya kale kule kuliko Ubudha wenyewe, na kila dini iliyozaliwa pale imeichukua ikaipa maana yake. Wabudha wa Sri Lanka wanatumia mafuta ya nazi kwenye vitaa vya udongo. Watibeti wakatumia siagi kwa sababu niliyoieleza.

Maana wanayoipa Wabudha ni hii: giza ni kutokujua, mwanga ni hekima. Ukiwasha taa unaomba kutokujua kwako na kwa viumbe vyote kuondoke. Neno "vyote" hapo lina uzito. Nilidhani mtu anawasha taa kuomba afaulu mtihani au apone ugonjwa, na kweli wapo wanaofanya hivyo, lakini kila mara Amala alipomaliza kuwasha alisoma maneno ya kuigawa thawabu. Haiweki. Anaitoa kwa wazazi wake, kwa jirani aliyemwibia mpaka wa shamba, kwa mbwa wa barabarani, kwa wote.

Kuna sala moja wanayoisoma wakiwasha, inayonasibishwa na Atisha, mwalimu kutoka Bengal aliyeingia Tibet mwaka 1042. Mjukuu alinitafsiria. Mtu anaomba chombo cha taa hii kiwe kipana kama ulimwengu mzima, utambi wake uwe na kimo cha mlima Meru, siagi yake iwe nyingi kama bahari. Niliposikia Meru nilishtuka, nikamwambia sisi tunao Meru, uko Arusha. Ule wao ni mlima wa katikati ya ulimwengu katika maandiko ya Kihindi na ya Kibudha, na majina yamekutana tu. Lakini Amala alipoambiwa kwamba kwetu kuna mlima wa jina hilo, na kwamba unapandika, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama juu kuna theluji. Nikamwambia mara chache. Kila mgeni aliyekuja baada ya hapo aliambiwa huyu kijana kwao kuna Meru.

#8 Mlinzi wa Imani

Mleta uzi, mimi sitafuni maneno. Hiyo ni ibada ya sanamu. Na hapo hapo unatuambia watu maskini wanachoma siagi mbele ya shaba. Watoto wangapi wangekula hiyo samli?

#9 Mwana wa Magila

Mkuu, swali lako la pili nililiuliza mimi mwenyewe, kwa Amala, mwaka wa pili wa masomo. Nitalijibu la kwanza kwa ufupi. Mimi ni Mwanglikana wa Magila, nimekua nabeba mishumaa na chetezo madhabahuni, na sijabadili dini. Wabudha niliokaa nao hawasemi kwamba Buddha anaihitaji ile taa. Wanasema kabisa kwamba hana upungufu wowote. Anayehitaji ni yule anayetoa, kwa sababu mkono wa binadamu umezoea kufumbata.

La njaa ndilo zito. Nilimuuliza hivi, kupitia kwa mjukuu: Amala, si ungempa mtu samli hii ale? Hakukasirika. Aliniambia nitoke naye. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na debe la unga. Kila asubuhi kabla ya kuwasha taa alikuwa akiweka kikombe kimoja humo, na kila mwisho wa mwezi debe linakwenda kwa wazee wasio na watoto. Nilikuwa nimepita mbele ya debe lile mwaka mzima sikuwahi kuuliza la nini. Na samli ya taa, mjukuu alinieleza baadaye tukiwa wawili, ilitoka kwenye chai yake. Chai aliyokuwa akinipa mimi ilikuwa na siagi. Yake haikuwa nayo.

Kwao kuna kisa maarufu cha jambo hilihili. Mwanamke ombaomba aliyeitwa Nanda aliwaona wafalme na matajiri wakimwashia Buddha maelfu ya taa. Akaomba kutwa nzima, akapata sarafu moja. Akaenda kwa muuza mafuta, akaambiwa hela hiyo hainunui kitu. Muuzaji aliposikia mafuta ni ya nini akamwongezea. Akawasha kataa kake kadogo, akaomba kwamba siku moja aweze kuwaondolea giza viumbe wote. Usiku ukaenda, taa za matajiri zikazimika moja moja. Alfajiri mwanafunzi wa Buddha aitwaye Maudgalyayana akaja kukusanya vyombo, akakuta taa moja bado inawaka kama ndiyo kwanza imewashwa. Akaibana kwa vidole, haikuzimika. Akaipepea kwa joho lake, haikuzimika. Buddha akamwambia aiache: hata ukiimwagia maji ya bahari zote haitazimika, kwa sababu aliyeiwasha aliiwasha kwa ajili ya wote.

Mimi ninavyokiona kisa hiki, hakimsifu maskini kwa umaskini wake. Kinasema ile dua ndiyo mafuta.

#10 Mlinzi wa Imani

Mkuu, kwenye sanamu bado hatukubaliani. Ila la debe nimelisikia. Endelea.

#11 Mzee wa Upanga

Wanangu, nyongeza kidogo. Hapa Dar es Salaam, Upanga, kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Ceylon (Sri Lanka ya leo) zama za Mwingereza, miaka ya 1920. Ndani ya uwanja wake kuna mti wa bodhi, aina ileile ya mti ambao Buddha alikaa chini yake. Nimeishi jirani miaka mingi. Hao wanafuata mapokeo ya Sri Lanka, kwa hiyo siagi hutaiona. Mwezi mpevu wa Mei, siku yao ya Vesak, ndiyo siku yao kubwa ya taa.

#12 Mwana wa Magila

Mzee wangu shikamoo, umenifungua macho. Mimi nimepita Upanga mara ngapi!

Niseme sasa upande ambao sikuupenda, maana nisipousema nitakuwa nimewapa nusu. Siku hizi taa nyingi si za siagi. India na Nepal yote wanatumia mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, yanauzwa kwenye makopo, rahisi. Yanatoa moshi. Pale Bylakuppe ukifika mwezi wa Aprili, joto likiwa limepanda, mafuta yale hayagandi kabisa na tambi zinaanguka ovyo. Kuna watu wanafika na gari, wanalipia taa elfu moja, wanapigwa picha, wanaondoka kabla nusu hazijawaka. Amala hakuwahi kuwasema vibaya. Mimi nawasema. Taa elfu za moshi ambazo hukusokota hata utambi wake mmoja, sioni zinaufunguaje mkono wako.

Na moshi una gharama. Nendeni mkasome habari za Lo Manthang, mji wa kale kule Mustang, Nepal. Hekalu la Thubchen la karne ya 15 lina michoro ukutani ya ajabu, na ilikuwa imefunikwa na weusi wa karne za taa na uchafu mwingine mpaka haionekani. Mafundi walitumia miaka kuisafisha, kipande kwa kipande. Ndiyo maana siku hizi monasteri nyingi zina nyumba ya taa nje, ya vioo au mabati, ili mwanga uwepo na masizi yasipande kwenye picha.

Moto pia. Mahekalu ya Himalaya ni mbao, vitambaa na vitabu, na ndani yake kuna mamia ya miali isiyolindwa. Taktsang, ile monasteri ya Bhutan iliyoning'inia kwenye jabali, iliteketea Aprili 1998, ikajengwa upya hadi 2005. Lakini msije mkadhani suluhisho ni balbu tu. Tengboche, kwenye njia ya kwenda Everest, iliungua Januari 1989 kwa hitilafu ya umeme, na umeme ulikuwa mgeni pale. Amala yeye alikuwa na sinia la shaba lililojaa maji, taa zote zinasimama ndani yake. Ikianguka, inaangukia majini.

#13 Binti Ngamiani

Kaka, ni siku gani uliona taa nyingi kuliko zote?

#14 Mwana wa Magila

Dada, Desemba 2016. Wana sikukuu siku ya 25 ya mwezi wa kumi wa kalenda yao, wanamkumbuka Tsongkhapa, mwanachuoni mkubwa aliyefariki 1419 kwenye monasteri ya Ganden aliyoianzisha mwenyewe karibu na Lhasa. Usiku huo kila dirisha, kila ukuta, kila paa la nyumba linawekwa taa. Bylakuppe kuna monasteri ya Sera, ile ya Lhasa iliyoanzishwa upya uhamishoni, yenye maelfu ya watawa. Tulisimama Amala na mimi kwenye mahindi yaliyokwisha kuvunwa, tukaona monasteri nzima inachorwa na miali, mstari kwa mstari, ghorofa kwa ghorofa, na sauti za watawa zinatoka kama mngurumo wa bahari ukiwa mbali. Hapakuwa na fataki wala spika. Watoto walibeba taa kwa mikono miwili wakitembea taratibu kama wanaobeba yai.

Amala alinishika mkono akaniambia neno moja kwa Kihindi ambalo nalo nilikwisha kulijua: *ghar*. Nyumbani. Sijui alikuwa anaiona nyumba ipi. Sikumuuliza.

Wakuu, hapa nitapumzika. Siku ya 49 bado wiki tano. Wao wanaamini kwamba aliyekufa anaweza kuwa safarini mpaka siku 49 kabla ya kuzaliwa tena, na taa ni za kumwangazia njia. Nina wazo, likitimia nitarudi.

#15 Mwalimu Mstaafu

Tunakusubiri, kijana. Nasi Novemba tunawawashia marehemu wetu mishumaa makaburini. Tusijifanye hatuelewi.

#16 Mwana wa Magila

Wakuu, nimerudi. Jana ilikuwa ya 49.

Nilikuja Muheza tangu Ijumaa. Samli niliinunua kwa mama mmoja wa Kimang'ati anayeleta maziwa sokoni, nikaichemsha tena na kuiengua. Pamba ya dukani. Ufagio wa chelewa nilinunua mpya, na niliubeba mkononi toka sokoni mpaka nyumbani bila kuuweka chini. Kikombe cha shaba sina, nikachukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono.

Nikaanza kusokota. Vidole vimesahau. Utambi wa sita ndio uliofanana na wa Amala.

Shida ikaja kwenye kusimama. Kikombe cha kahawa hakina kitundu, na kwa joto la Muheza samli haigandi, ni uji. Utambi ukaanguka. Nikaweka kikombe kwenye friji, ikaganda vizuri, nikawasha, dakika kumi ikayeyuka, ukaanguka tena na kuzimika. Mara ya tatu hivyohivyo. Saa moja usiku ikafika, na nilikuwa nimekaa sakafuni nimeishiwa la kufanya.

Mama alikuwa mlangoni ananitazama muda mrefu kabla sijamwona. Mama yangu ni wa Umoja wa Mama wa kanisa letu, hakosi ibada. Nilijua ataniuliza.

"Unamwashia nani?"

"Bibi mmoja wa kule India, mama. Alifariki."

"Ndiye yule aliyekuwa anakulisha?"

"Ndiye. Kila Jumapili."

Akaondoka. Nikadhani ameudhika. Akarudi na kipande cha waya wa shaba, ule wa ndani ya nyaya za umeme, akakaa kwenye kigoda. Akauzungusha kwenye kidole chake mara nne, akapata kama springi, chini pana, juu pembamba. "Tulikuwa tunafanya hivi vibatari vikipoteza kishikio," akasema. Akauchukua utambi wangu wa sita, akaupitisha katikati ya waya, akausimamisha kikombeni. Haukutikisika.

Nikamimina samli. Nikachukua leso nikajifunga puani na mdomoni, naye hakuniuliza ya nini, akavuta pindo la kanga yake akafanya vilevile. Nikaweka kikombe kwenye sahani ya maji. Nikawasha kwa ubani.

Sala ya Atisha siijui kwa Kitibeti. Niliyataja yale matatu kwa Kiswahili: chombo, utambi, siagi. Nilipofika kwenye Meru sauti ikanikatika. Mama akasema, "Isogeze huku, upepo wa mlangoni utaizima," akaisogeza mwenyewe.

Tulikaa mpaka samli ikaisha. Moto ulipungua, ukawa wa bluu, ukazimika wenyewe saa tano kasoro usiku. Kikombe nimekiosha kwa maji ya moto, nimekifuta, nimekipindua kifudifudi juu ya kabati pamoja na ule waya. Mjukuu nimemtumia picha. Amejibu kwamba usiku huohuo wao waliwasha 108, na kwamba yangu ameihesabu ya 109.